Kufunga Pistoni na Ringi za Pikipiki Nyumbani: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kupima Silinda hadi Kilomita 500 za Kwanza

Injini imefunguliwa, ringi mpya (pete za chuma zinazoizunguka pistoni) zimevikwa, hedi (kifuniko cha juu cha silinda) imerudi mahali pake, na wiki tatu baadaye moshi wa bluu umerudi vilevile. Hali hii inajirudia mno, na kila mara lawama huangukia ringi: "zilikuwa feki." Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi ringi zilikuwa nzima, ila zilitiwa ndani ya silinda iliyokwisha kulika, au silinda ilisuguliwa na haikuoshwa, au ringi ziligeuzwa juu chini. Ringi haiwezi kuinyoosha silinda mbovu. Kuvisha pistoni kwenyewe ni kazi ya robo saa. Kinachoamua kama injini itadumu ni kupima na kuosha kabla ya hapo.

Maelezo haya yanahusu injini ya silinda moja, ya mipigo minne, inayopozwa kwa hewa, ya takriban cc 100 hadi 150. Namba zilizotajwa ni za kawaida kwa injini za ukubwa huo. Kitabu cha pikipiki yako kikisema tofauti, fuata kitabu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kugusa nati hata moja

Vya kupimia:
- Fila geji (bapa nyembamba za kupimia mianya) yenye bapa za kuanzia mm 0.03 au 0.05 hadi mm 1
- Venia kalipa, na maikromita ya mm 25–50 au 50–75 kulingana na pistoni
- Rula ya chuma iliyonyooka kabisa
- Spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) inayosoma kuanzia Nm 5 hadi angalau 30
- Kipima kompresheni (presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda)

Vya kufungia:
- Pistoni, ringi, pini na klipu mbili, vyote vya seti moja na saizi moja
- Gasketi ya chini ya silinda, gasketi ya hedi, na ringi za mpira za pini za mwongozo
- Sili za oili za valvu. Hizi ndizo watu huzisahau, nazo ni za bei ndogo
- Oili mpya ya kujaza mara tatu. Iwe ya madini, yenye alama ya JASO MA (kiwango cha oili za pikipiki) kwa sababu klachi inaoga humohumo

Vya usafi: mafuta ya taa, maji ya moto, sabuni ya kuoshea vyombo, brashi, matambara meupe yasiyotoa nyuzi, na waya laini wa kushikia cheni ya taimingi (ile inayozungusha shafti ya valvu). Tafuta pia vipande viwili vya mbao bapa, unene wa kama sentimita 1, na tupa ndogo yenye meno laini sana.

Fanya kazi mahali penye hewa na mbali na moto. Pavumbapo mchanga, usifungue injini.

## Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa ni ringi kweli

Moshi wa bluu una vyanzo viwili vikuu, na tiba zake ni tofauti. Moshi unaotoka muda wote unapovuta gesi, hasa ukipanda mlima, kwa kawaida ni ringi au silinda. Moshi unaotoka kwa wingi unapowasha asubuhi kisha ukapungua, au unaotoka unapovuta gesi tena baada ya kuteremka mteremko mrefu, kwa kawaida ni sili za valvu. Hapo utabadilisha ringi mara tatu na moshi hautaondoka.

Pima kompresheni injini ikiwa na joto. Toa plagi, funga kipimo, fungua gesi mpaka mwisho, piga kiki mpaka mshale uache kupanda. Gesi ikiwa imefungwa hewa haiingii ya kutosha na kipimo kitakudanganya. Injini nzima ya aina hii mara nyingi husoma kati ya bar 10 na 13.

Ikisoma chini, mimina kijiko kimoja kidogo cha oili kupitia tundu la plagi, piga kiki mara chache oili isambae, pima tena. Mshale ukipanda vizuri, uvujaji uko kwenye ringi na silinda, kwa sababu oili imeziba mwanya kwa muda. Usipopanda, tazama valvu na gasketi ya hedi.

## Hatua ya 2: Fungua kwa mpangilio, kisha isome pistoni ya zamani

Osha injini kwa nje kwanza, hasa mapezi ya silinda na sehemu inapokutana na kasha la krenki (shafti ya chini inayozungushwa na pistoni). Mchanga ulioganda hapo ndio utakaodondokea ndani utakaponyanyua silinda.

Mwaga oili. Ondoa ekzosi, kabureta na plagi. Zungusha magneto (gurudumu la sumaku la pembeni mwa injini) mpaka alama ya T ilingane na mkato wa kwenye kasha, roka zote mbili (vikono vinavyobonyeza valvu) zikiwa zinacheza. Hapo pistoni iko juu kabisa kwenye mpigo wa kubana. Legeza tenshena (kikaza) ya cheni, fungua sproketi (gurudumu la meno) ya kamshafti, shafti inayofungua valvu, na ifunge cheni kwa waya kabla hujaiachia. Cheni ikitumbukia ndani ya kasha unaweza kuivua kwa waya wenye kulabu, ila ukizungusha krenki ikiwa imelala huko inaweza kujikunja na kukwaruza sproketi ya chini.

Nati za hedi zilegeze kwa mshazari, robo mzunguko kila moja, mpaka zote ziwe huru. Ukiifungua moja hadi mwisho huku nyingine zimekaza, hedi inaweza kupinda.

Silinda ikishanyanyuka kidogo, jaza tambara safi kwenye mdomo wa kasha kabla hujaivua yote. Kipande cha ringi iliyovunjika kikianguka humo, injini nzima itabidi ifunguliwe.

Sasa shika pistoni ya zamani kwenye mwanga. Inakueleza kwa nini imekufa, na usipoisikiliza ile mpya itakufa hivyohivyo:

- Mikwaruzo myembamba, mingi, ya wima, hasa upande wa hewa kuingilia: vumbi linapita. Tafuta filta iliyochanika au mpira wa kabureta wenye ufa.
- Alama za kijivu zilizopakazwa kama kwamba chuma kimeyeyuka kidogo: joto limezidi au oili ilipungua. Angalia pampu ya oili, chujio lake, na mchanganyiko wa kabureta.
- Rangi ya kahawia chini ya ringi kwenye sketi (ubavu wa chini wa pistoni): gesi ya mwako ilikuwa inapita ringi kwa muda mrefu.

Jambo jingine la kukagua hapa hapa: shika konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) uivute juu na kuisukuma chini, krenki ikiwa haizunguki. Ikicheza juu–chini hata kidogo, simama. Beringi ya chini imekwisha, na pistoni mpya juu ya konrodi hiyo ni kutupa fedha. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida.

## Hatua ya 3: Pima silinda

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, kwa kisingizio kwamba boro geji (kipima kipenyo cha ndani cha silinda) haipatikani. Ipo njia inayotumia ringi moja na fila geji tu, na inatosha kukuamulia.

Chukua ringi ya juu. Itumbukize kwenye silinda na uisukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa bila kuinama. Ipeleke kwanza chini kabisa, mahali ambapo ringi hazifiki injini ikifanya kazi. Pale silinda bado ina kipenyo chake cha kiwandani. Pima mwanya wa ncha za ringi. Kisha ipeleke karibu na juu, kama mm 10 kutoka mdomo, ambako kunalika zaidi. Pima tena.

Toa kipimo cha chini kwenye kile cha juu, halafu gawanya kwa 3.14. Jibu ni kiasi ambacho kipenyo kimeongezeka. Tuseme chini umepata mm 0.20 na juu umepata mm 0.45. Tofauti ni 0.25, ukigawanya kwa 3.14 unapata karibu mm 0.08. Silinda hiyo imelika kwa mm 0.08 huko juu. Injini nyingi za aina hii zina kikomo cha karibu mm 0.05 cha tofauti ya kipenyo, kwa hiyo hii inakwenda kwenye mashine ya kubori (kuichonga silinda iwe pana zaidi), na ringi za saizi ileile hazitaisaidia. Ringi ndani ya silinda ya namna hii hufunguka na kujibana kila pistoni inapopanda na kushuka, maelfu ya mara kwa dakika, na huchoka haraka.

Njia hii haionyeshi kama silinda imekuwa ya umbo la yai. Kwa hilo, ingiza pistoni mpya bila ringi, ikiwa imeelekea upande wake sahihi, na upitishe bapa refu la fila geji upande wa mbele na upande wa nyuma, yaani pande zisizo na matundu ya pini. Huko ndiko pistoni inakoegemea na ndiko silinda hupanuka. Mwanya wa pistoni mpya na silinda nzuri ni mm 0.01 hadi 0.04. Ukifika mm 0.10, silinda imekwisha.

Pistoni yenyewe ipime kwa maikromita kwenye sketi, kama mm 10 kutoka chini, pembe mraba na pini. Usipime kichwani. Kichwa kimetengenezwa chembamba makusudi kwa sababu ndicho kinachopata moto na kutanuka zaidi.

Mwisho, pitisha ukucha kutoka chini kwenda juu ndani ya silinda. Mkwaruzo unaokamata ukucha unahitaji kuboriwa. Usiuondoe kwa msasa, utauzungushia shimo.

## Hatua ya 4: Amua saizi

Silinda ikiwa ndani ya vipimo, weka pistoni na ringi za saizi yake ya sasa. Ikiwa nje, nunua kwanza pistoni ya oveseizi (iliyozidi saizi ya kawaida), kwa mm 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00, halafu mpelekee fundi wa mashine pistoni pamoja na silinda ili abori kulingana na pistoni iliyo mkononi. Kubori kwanza na kutafuta pistoni baadaye ni kubahatisha, kwa kuwa pistoni mbili zenye namba moja zinaweza kutofautiana kwa sehemu chache za mia za milimita, na mwanya tunaoutafuta wote ni sehemu hizohizo.

Kuna desturi ya kuchukua ringi za oveseizi, kuzipunguza ncha kwa tupa na kuzivika kwenye pistoni ya kawaida ndani ya silinda iliyolika. Usifanye. Ringi hiyo imetengenezwa kuwa duara kwenye kipenyo kikubwa zaidi. Ukiibana kwenye kipenyo kidogo inagusa ukuta kwa sehemu na kuacha sehemu. Moshi utapungua siku mbili tatu kwa sababu ya oili nyingi ya kufungia, ndipo urudi.

Angalizo: silinda zisizo na slivu ya chuma (bomba la ndani), zilizopakwa nikeli na silikoni kabaidi ndani, haziboriwi kwa njia hii wala hazisuguliwi kwa jiwe. Zikilika hubadilishwa.

## Hatua ya 5: Sugua na uoshe

Silinda iliyotoka kuboriwa vizuri inarudi tayari ikiwa na michirizo. Silinda ya zamani iliyo ndani ya vipimo huwa inang'aa kama kioo, na ringi mpya haishiki kwenye kioo. Inahitaji michirizo myembamba inayokatana kwa pembe ya kama digrii 45 hadi 60, ili oili ikae ndani yake na ukuta uikwangue ringi taratibu mpaka zizoeane.

Tumia kifaa cha kusugulia silinda chenye mawe ya namba 180 hadi 240 kwenye drili ya mwendo mdogo. Tia oili kwa wingi, panda na kushuka bila kusimama, sekunde 15 hadi 20, kagua, rudia ikibidi. Ukisimama mahali pamoja unachimba pete. Ukipanda na kushuka polepole mno, michirizo inakuwa ya kulala na oili haitashuka vizuri.

Msasa wa mkono ni wa dharura tu, na hata hapo uuzungushe kwa mshazari. Usiuvute wima kamwe.

Sasa kuosha. Nasema hili kwa msisitizo wote nilionao: petroli na mafuta ya taa haviondoi unga wa jiwe. Vinaondoa oili iliyoushika, na unga unabaki ndani ya michirizo ukisubiri ringi. Ndiyo maana injini nyingine inafungwa kwa vipimo sahihi kabisa na bado ikawa imekwisha kabla ya kilomita elfu mbili.

Osha kwa maji ya moto, sabuni na brashi ngumu. Suuza. Rudia. Kausha, kisha paka oili safi kwa tambara jeupe na ufute. Tambara litatoka na kijivu. Osha tena kwa sabuni. Unaacha pale tambara jeupe lenye oili linapotoka jeupe kama lilivyoingia, na kwa kawaida inachukua mara tatu au nne. Papo hapo paka oili nyembamba, kwa sababu chuma tupu kilichooshwa kwa maji ya moto huanza kutu ndani ya dakika.

## Hatua ya 6: Pima mwanya wa ringi

Kila ringi ipimwe ndani ya silinda itakayokaa, baada ya kuboriwa na kusuguliwa. Isukume kwa kichwa cha pistoni hadi kama mm 20 ndani, chomeka fila geji kwenye ncha.

Ringi mbili za juu kwa kawaida hutaka mm 0.10 hadi 0.25, na zikivuka mm 0.50 hazifai. Bapa za ringi ya oili hutaka mm 0.20 hadi 0.70.

Mwanya huu si kasoro ya ringi. Ringi hurefuka ikipata moto. Ncha zikikutana na bado inataka kurefuka, itajisukuma ukutani, itakwaruza silinda na mwishowe itavunjika. Kwa hiyo mwanya mdogo ni hatari kuliko mwanya uliozidi kidogo.

Ukiwa mdogo, punguza ncha moja kwa tupa laini. Sukuma tupa upande mmoja tu, kutoka uso wa nje wa ringi kuelekea ndani, ili kromu ya nje isimeguke. Mapigo mawili, pima, mapigo mawili, pima. Maliza kwa kuondoa makali yaliyobaki kwenye kona.

Jaribu pia ringi ndani ya mfereji wake. Izungushe mfereji mzima ikiwa nje ya pistoni, ukingo wake wa nje ukiwa ndani ya mfereji. Iteleze bila kukwama, na fila geji ya mm 0.10 isiingie kati yake na ukuta wa mfereji.

## Hatua ya 7: Vika ringi

Anza chini kwenda juu.

1. Springi ya ringi ya oili, ile yenye mawimbi. Ncha zake zikutane uso kwa uso. Zikipandana, ringi ya oili haitafanya kazi na pikipiki itakula oili tangu siku ya kwanza. Kosa hili pekee linaeleza moshi mwingi wa "injini mpya".
2. Bapa la chini, kisha bapa la juu. Chomeka ncha moja kwenye mfereji halafu zungusha kidole gumba kulifuata. Haya hayana juu wala chini. Angalia tena springi haijapandana.
3. Ringi ya pili. Mara nyingi ni nyeusi.
4. Ringi ya juu. Mara nyingi inang'aa kwa kromu.

Ringi ya pili na ya kwanza huwa na herufi au neno dogo karibu na ncha, kama T, N, R au TOP. Maandishi hayo yaelekee juu. Ringi ya pili ina uso uliochongwa mshazari ili ikwangue oili ikishuka na iipitie ikipanda. Ukiigeuza, inasukuma oili kwenda juu kwenye mwako. Usichanganye pia ya kwanza na ya pili.

Zifungue kiasi cha kupita tu kichwa cha pistoni. Ringi ni chuma kigumu chenye hasira. Ukiipanua zaidi au kuipinda, inavunjika au inabaki imepinda bila wewe kuona.

Panga mianya. Ya ringi tatu (juu, pili, na springi ya oili) iachane digrii 120. Mianya ya bapa mbili iwe kama mm 20 kulia na kushoto ya ncha za springi. Hakuna mwanya uelekee mbele au nyuma kabisa ambako pistoni inaegemea, wala juu ya tundu la pini. Mianya ikikaa mstari mmoja, gesi inapata njia iliyonyooka.

Ikiwa sawa, kila ringi inazunguka kwa kidole bila kukwama, na ukiibonyeza inazama yote ndani ya mfereji.

## Hatua ya 8: Funga pistoni kwenye konrodi

Tambara liwe bado kwenye mdomo wa kasha. Tazama kichwa cha pistoni: alama ya IN ielekee upande wa kabureta, ikiwa kuna mshale au EX, uelekee ekzosi. Vikato vya valvu juu ya pistoni havilingani ukubwa, na tundu la pini mara nyingi halipo katikati kamili. Pistoni iliyogeuzwa hugonga, na inaweza kukutana na valvu.

Chomeka klipu mpya upande mmoja kabla hujaifikisha pistoni kwenye injini. Inabaki moja tu ya kuhangaika nayo. Paka oili kwenye pini na kwenye tundu la konrodi, lenganisha, sukuma pini kwa kidole. Ikikataa, tumbukiza pistoni kwenye maji ya moto dakika chache, ikaushe na uipake oili, itaingia. Usigonge kwa nyundo, konrodi inapinda kwa nguvu ndogo kuliko unavyodhani.

Mdomo wa klipu uelekee juu au chini, usikae kwenye kikato cha kutolea. Izungushe kidogo kwa bisibisi uone kama imezama yote kwenye mfereji wake. Klipu za zamani hazirudishwi. Ikichomoka, pini hutambaa na kuchimba silinda kutoka juu hadi chini.

## Hatua ya 9: Shusha silinda

Safisha uso wa kasha kwa kipande cha mbao au plastiki, weka pini za mwongozo, ringi zake za mpira na gasketi mpya, ukikagua matundu ya oili yamelingana. Usipake silikoni, inayofinywa ndani huenda kuziba njia ya oili ya kamshafti.

Toa tambara. Weka vipande viwili vya mbao juu ya kasha, kimoja kila upande wa konrodi, kisha shusha pistoni ikae juu yake. Sasa haiyumbi. Paka oili kidogo kwenye sketi, ringi na ukuta wa silinda. Kidogo: kuchovya ringi kwenye bakuli la oili kunachelewesha kuzoeana kwake.

Hakikisha mianya haijahama. Pitisha waya wa cheni kwenye tundu lake la silinda. Mmoja ashike silinda, mwingine abane ringi kwa vidole. Mdomo wa chini wa silinda umechongwa mteremko makusudi, kwa hiyo ringi huingia zenyewe zikibanwa vizuri.

Sikiliza kwa mikono. Ringi ikiingia, silinda inashuka milimita mbili tatu kwa mlio mdogo wa "tik". Ikikataa na kurudi juu kama iliyokaa kwenye springi, kuna ncha iliyonasa. Inua, panga, anza tena. Mtu anayegonga silinda kwa kiganja wakati huu ndiye anayevunja bapa la oili, na hatajua mpaka aone moshi.

Ringi zote zikishaingia, toa mbao, shusha silinda mpaka chini. Ishikilie isinyanyuke, inua cheni, zungusha krenki polepole. Mwendo uwe mzito kiasi lakini wa namna moja toka juu hadi chini, bila mahali panapokwaruza.

## Hatua ya 10: Hedi, taimingi na tapeti

Hedi irudi na sili mpya za valvu. Pima uso wake kwa rula ya chuma na fila geji: bapa la mm 0.05 likipita chini ya rula, hedi imepinda na inahitaji kunyooshwa. Weka gasketi mpya, kaza nati kwa mshazari kwa awamu tatu. Nati za mm 8 kwenye injini hizi mara nyingi huishia kati ya Nm 18 na 25, na bolti ndogo za mm 6 kati ya Nm 10 na 12.

Rudisha alama ya T kwenye mkato. Weka sproketi ya kamshafti alama zake zikilingana na uso wa hedi kama kitabu kinavyoonyesha, upande wa cheni usio na tenshena ukiwa umekaza. Tenshena irudishwe ikiwa imekunjwa ndani, kisha iachiwe baada ya bolti zake kukazwa.

Zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikigota mahali, usilazimishe: valvu imekutana na pistoni, taimingi imeruka meno. Ikizunguka huru na alama zikarudi palepale, rekebisha tapeti (mwanya kati ya roka na valvu) injini ikiwa baridi, kwa kawaida mm 0.05 hadi 0.10.

## Hatua ya 11: Kuwasha mara ya kwanza

Tia oili mpya mpaka kwenye alama. Plagi ikiwa nje, piga kiki mara 30 hadi 40, halafu fungua kifuniko cha tapeti uone kama oili imefika juu. Isipofika, usiwashe.

Washa. Moshi kidogo kwa dakika chache ni oili ya kufungia. Usiiache ikinguruma bila mzigo kwa muda mrefu. Dakika mbili tatu za kukagua uvujaji zinatosha; zima, acha ipoe kabisa, kagua tena tapeti.

## Hatua ya 12: Kilomita 500 za kwanza

Nguvu ya ringi kujitanua yenyewe haitoshi kuziba. Kinachoisukuma ukutani ni gesi ya mwako inayoingia nyuma yake. Ndiyo sababu kuendesha polepole mno, kwa mwendo mmoja, kwa siku nyingi, kunaharibu kama kunavyoharibu kukimbiza. Gesi ni dhaifu, ringi inateleza juu ya oili, ukuta unang'aa, na nafasi imepotea.

Ikishapata joto, vuta gesi hadi nusu kwa gia ya pili au ya tatu, kisha iachie irudi yenyewe. Rudia mara kumi na zaidi. Badilisha mwendo kila mara. Usibebe mzigo mzito, usifungue gesi yote, na injini ikipata moto sana simama ipoe.

Mwaga oili ya kwanza baada ya kilomita 50 hadi 100. Utaona imekuwa ya kijivu inayometameta, ni chuma kilichokwanguliwa. Mwaga tena kwenye 500. Oili chafu iweke kwenye dumu, usiimwage ardhini.

Kwenye kilomita 500 pima kompresheni na ulinganishe na ile uliyopata mwanzo. Iwe imepanda na kutulia, oili isiwe imeshuka kwa kiasi kinachoonekana, na ncha ya ekzosi iwe kavu. Ikiwa moshi bado upo muda wote unapovuta gesi, fungua na utazame springi ya ringi ya oili kwanza, halafu mwelekeo wa ringi ya pili. Ikiwa ni asubuhi tu, rudi kwenye sili za valvu. Na kama oili inatokea kwenye filta ya hewa, kagua bomba la kupumulia la injini: likiziba, presha ya ndani huisukuma oili kupita hata ringi zilizofungwa bila kosa.

Kuendelea hapo, mzigo mzito na gesi yote visubiri kilomita 1000.